Taarifa si Hesabu: Uhakiki wa Tafiti za Utoaji Taarifa za Kijamii na Kimazingira kwa Mfano wa Bagamoyo

Tafiti nyingi tangulizi kuhusu taarifa za kijamii na kimazingira za kampuni huanza na taarifa ya mwaka. Mtafiti huchagua kampuni zilizoorodheshwa katika soko la hisa, huhesabu sentensi au kurasa zinazotaja mazingira, wafanyakazi na jamii, kisha hulinganisha idadi hiyo na ukubwa au faida ya kampuni. Kazi ya Gray, Kouhy na Lavers (1995) kuhusu kampuni za Uingereza imekuwa kielelezo cha uchanganuzi maudhui wa aina hii. Sehemu hii inajenga hoja kwamba njia hiyo, ikihamishiwa Bagamoyo bila marekebisho, hupima usemaji wa kampuni na kuuacha uwajibikaji nje ya mizani.

Mradi wa sukari wa EcoEnergy unadhihirisha hoja hiyo. Mwaka 2009 kampuni ya SEKAB ya Uswidi iliuza shughuli zake za Tanzania, na mradi ukaendelea chini ya jina la EcoEnergy. Ulitengewa zaidi ya hekta 20,000 katika eneo la Razaba, iliyokuwa ranchi ya Serikali ya Zanzibar, karibu na mto Wami na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mwaka 2015 shirika la ActionAid lilidai kwamba wakazi hawakushirikishwa ipasavyo, kampuni ilikanusha. Mwaka huohuo Sida, shirika la maendeleo la Uswidi, lilijitoa. Mwaka 2016 Serikali ilifuta hati ya ardhi.

Sampuli itokayo katika soko la hisa isingeigusa kampuni hii, kwa kuwa haikuorodheshwa. Maandishi yake ya msingi yalikuwa tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mpango wa kuwahamisha wakazi. Hata yangejumuishwa, kuhesabu kurasa kungeupa mradi alama za juu, ilhali walengwa wake wakuu walikuwa wakopeshaji na mamlaka za udhibiti.

Gray, Owen na Adams (1996) wanauchukulia uwajibikaji kuwa uhusiano kati ya mwenye wajibu wa kueleza matendo yake na mwenye haki ya kudai maelezo hayo. Kiswahili kinalibainisha jambo hili: taarifa mtu aweza kuitoa peke yake, bali hesabu hutolewa mbele ya anayeweza kuikataa.

Yaweza kudaiwa, kwa mtazamo wa nadharia ya uhalali, kwamba kujitoa kwa Sida kunaonesha shinikizo la umma hufanya kazi. Dai hilo lina ukweli, lakini shinikizo lilipitia kwa wengine. Usuluhishi wa ICSID, uliotolewa uamuzi mwaka 2023 kwa ushindi wa kampuni, ulikuwa na pande mbili: mwekezaji na Serikali. Wakazi hawakuwa upande wowote.

Kwa hiyo, utafiti huu unauliza maswali matatu: taarifa iliandikwa kwa lugha gani, ilisomwa katika mkutano gani wa kijiji, na waliosomewa waliweza kukataa nini? Maswali haya hayaruhusu ulinganisho wa kampuni nyingi kwa takwimu. Hiyo ni gharama halisi, na utafiti unaikubali ili mwenye haki ya kudai hesabu aonekane.