Siti binti Saad na Hukumu ya Wimbo

Wako watu wadhanio kuwa shairi ni lile tu lililopigwa chapa kitabuni, na kuwa wimbo wa ngomani ni upepo upitao. Dhana hii ina madhara, hasa kwa vijana wa shule, maana huwafundisha kudharau hazina iliyo mlangoni pao. Maisha na kazi ya Siti binti Saad wa Unguja yatosha kuikanusha.

Siti alizaliwa katika shamba la Fumba mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza unyonge wa ukoo wake. Alifinyanga vyungu, akavichukua mjini kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, nyimbo zao zikatiwa katika santuri, na sauti ya mfinyanzi ikasikika pwani yote na bara. Alifariki mwaka 1950.

Kabla yake taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na kwa tendo hilo akawapa watu wa kawaida sanaa waliyoweza kuielewa na kuijibu. Washindani walipomdhihaki kwa sura na nasaba yake, alijibu kwa ubeti uliompima mtu kwa busara yake. Hakutukana, na kwa sababu hiyo jibu lake limeishi kuliko dhihaka yenyewe.

Lakini ubora wake waonekana zaidi katika wimbo wa Kijiti. Wimbo huu wahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mwuaji alitoroka akavuka bara, na wanawake waliokwenda barazani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Mshairi dhaifu angalilia tu. Siti alilisimulia jambo lenyewe hatua kwa hatua, na msikilizaji, bila kuambiwa, akaona kwamba sheria imemwacha mkosaji na kumshika shahidi. Hukumu iliyokosekana barazani ilipatikana katika wimbo.

Msomaji wa Kitui au Makueni hatakuwa mgeni wa jambo hili. Wakamba wanaye ngui, mtunzi aongozaye wimbo huku wenzake wakimwitikia; na Kitui ziko nyimbo za myali, ambazo kazi yake ni kuyasema na kuyakosoa mambo ya jamii. Ala na lugha zatofautiana, lakini cheo cha mwimbaji ni kile kile: yeye ni shahidi asiyeweza kufungwa kinywa.

Yaweza kusemwa kuwa Siti hakutunga kila neno peke yake, kwani kundi lake lilishirikiana katika kutunga. Ni kweli, lakini jambo hilo halimpunguzii sifa, kama vile waitikiaji wasivyompunguzia ngui sifa yake. Hoja ya pili ina uzito zaidi: nyimbo nyingi zategemea habari ambazo wasikilizaji wa siku zile walizijua, na asiyezijua leo hubaki gizani. Tena maneno yakiandikwa bila sauti, nusu ya maana hupotea. Hata Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, alimtukuza zaidi kwa tabia yake njema. Ufundi wa nyimbo zenyewe tumeachiwa sisi tuupime.

Basi kipimo kiwe hiki: je, wimbo waona ukweli, wausema kwa ustadi, na wamfanya msikilizaji ahukumu mwenyewe? Wa Kijiti wafaulu katika yote matatu. Wanafunzi na wakaupeleke mtihani huo kwa nyimbo za bibi zao, wakiziandika pamoja na habari iliyozizaa, kabla wazijuao hawajaondoka.