Tundu la Sindano na Picha za Dadaab

Msomaji, ikiwa umepata kujipumzisha mchana ndani ya nyumba ya mabati yenye tundu moja la msumari, yamkini umekwisha kuliona jambo ninalokusudia kulieleza. Nuru ya jua hupenya katika tundu lile ikaanguka sakafuni mfano wa sarafu. Tundu lenyewe laweza kuwa la pembe tatu, au limechanika ovyo. Sarafu iliyo sakafuni ni ya mviringo. Sababu yake ni kwamba unachokiona si sura ya tundu bali ni sura ya jua. Tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa na kivuli cha mwezi kikapita kaskazini mwa Kenya, kila upenyo baina ya majani ya mti ulikuwa tayari kulichora jua lililomegwa. Na mtu aliyetazama ukutani badala ya kutazama mbinguni aliweza kuona hilali nyingi kwa mara moja bila ya kuyadhuru macho yake.

Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Kairo yapata mwaka 1040, aliandika risala juu ya sura ya jua linapopatwa, akachunguza namna nuru ipitayo katika tundu dogo inavyochora kilicho nje. Nuru husafiri kwa mstari ulionyoka. Itokayo juu hushuka, itokayo chini hupanda, na picha hujichora kichwa chini miguu juu. Neno kamera lenyewe, kwa Kilatini, maana yake ni chumba. Kamera yo yote, hata ya thamani kubwa namna gani, ni chumba cha giza chenye tundu. Lenzi iliongezwa ili tundu lipate kuwa pana, nuru iingie kwa wingi, na picha isipoteze ukali wake.

Natanguliza maneno haya kwa kuwa nataka kuhakiki picha, na mtu hawezi kuhakiki picha vema asipojua jinsi zinavyozaliwa. Picha zenyewe ni za Dadaab.

Dadaab iko katika Kaunti ya Garissa, katika nchi tambarare ya mchanga na miiba, si mbali na mpaka wa Somalia. Kambi zake za kwanza, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 ili kuwapokea waliokimbia vita. Zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipowasukuma wengine kuvuka mpaka, zilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Hata kama hujafika huko, hapana shaka umekwisha kuona picha zake: mtoto aliyekonda mbele ya hema, mama aliyeshika shavu, safu za mahema zisizo na mwisho zilizopigwa kutoka angani. Picha za namna ya mwisho zimependwa sana. Msanii Ai Weiwei, katika filamu yake iitwayo Human Flow ya mwaka 2017, aliifikisha kamera Dadaab, na katika filamu hiyo alitumia sana ndege ndogo zisizo na rubani kuwatazama wakimbizi wa nchi mbalimbali kutoka juu.

Sisemi kwamba picha ya angani ni ya uongo. Yaonyesha ukubwa, na ukubwa wa Dadaab ni kweli. Lakini aliye juu haombi idhini ya aliye chini, na aliye chini hana njia ya kugeuza uso. Watu huwa nukta, na nukta haina jina.

Sasa weka kando ya picha hizo kazi ya Fazal Sheikh. Mtu huyu alizaliwa New York mwaka 1965, na kwa upande wa baba yake asili yake ni ya Kenya. Mwaka 1992 alikuja Kenya akaingia katika kambi za wakimbizi, wakati ule ule waandishi wa habari wa dunia nzima walipokuwa wakitafuta picha ya njaa. Mwaka 2000 alirudi, na mwaka 2001 kitabu chake A Camel for the Son, kinachohusu zaidi wanawake wa Kisomali wa kambi hizo, kikatolewa. Picha zake ni nyeusi na nyeupe. Waliomo wamesimama au wameketi, wanakutazama machoni, na chini ya picha mna majina yao na mahali walipo. Utawaona wanawake waliodhulumiwa, na katika kitabu hicho utasoma maneno yao wenyewe. Lakini hutamwona aliyeshtukizwa. Kila mmoja alijua kuwa anapigwa picha, akajipanga kama mtu ajipangavyo kumpokea mgeni. Nimezitazama picha hizi mara nyingi, na nazihesabu kuwa bora kuliko zote nilizoziona za mahali hapo. Ubora wake haukutokana na lenzi. Ulitokana na muda: mpiga picha alikaa, na aliyepigwa naye alipewa nafasi ya kukaa.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye tundu. Wako wanaosema kwamba dawa ya haraka ya kamera za leo ni kuipokonya kamera lenzi yake, tukaanza tena na tundu la sindano, kwa kuwa kamera ya namna hiyo haina haraka. Nilitaka kujua kama wasemavyo ni kweli, nikaitengeneza moja. Wewe nawe waweza.

Chukua kamera ya dijitali ambayo lenzi yake hutoka. Kamera kama hiyo huuzwa pamoja na kifuniko cha plastiki cha kuziba mdomo wake lenzi inapoondolewa. Toboa katikati ya kifuniko kwa keekee, tundu la upana wa milimita 8 au 10, kisha uondoe unga wote wa plastiki, maana ukiingia ndani utajuta. Kata kipande cha kopo la soda, ukisugue kwa msasa mwembamba mpaka kiwe laini kama karatasi. Kiweke juu ya kadi ngumu, ukichome kwa ncha ya sindano tu, wala usiipitishe sindano nzima. Geuza, sugua, choma tena polepole, mpaka tundu liwe la mviringo na upana wake ufike milimita 0.3 hivi. Upande wa ndani upake rangi nyeusi isiyong'aa, kisha ubandike kipande hicho nyuma ya kifuniko kwa utepe mweusi. Kamera imekwisha.

Tuseme kutoka tundu hilo mpaka kwenye bamba linalopokea nuru ni kama milimita 45. Gawa 45 kwa 0.3, utapata 150. Hiyo ndiyo namba ya tundu lako, nayo yamaanisha kwamba nuru iingiayo ni haba mno. Katika jua kali la Garissa, kamera ikiwa katika ISO 100, picha yahitaji sekunde moja hivi. Kivulini yahitaji sekunde kumi au zaidi. Huwezi kuishika mkononi. Itakubidi kuiweka juu ya jiwe, au juu ya stendi ya miguu mitatu. Na vumbi, ambalo kwa lenzi ya kawaida halionekani sana, hapa litajitokeza katika picha kama madoa meusi, kwa kuwa nuru itokayo katika tundu dogo hukipa kila chembe kivuli chake. Kamera yangu ilijaa madoa siku ya kwanza.

Jambo la pili ni la kuchekesha kidogo. Kamera yaweza kuwa na nukta milioni 24 za kupokea nuru, na wauzaji husifu sana hesabu hiyo. Lakini tundu la milimita 0.3 huchora kila kitu kwa madoa yenye upana kama wake. Kama bamba lako lina urefu wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, madoa yatakayoenea humo ni kiasi cha elfu kumi tu. Milioni zilizobaki hazina kazi. Kwa hiyo mtu aliyesimama hatua ishirini mbali na kamera hana uso. Ana umbo tu, na nguo, na namna ya kusimama.

Je, hilo ni jema? Wapenzi wa kamera hii husema ni jema, kwamba ukungu wake ni upole, na kwamba haimvamii mtu. Nakubali nusu. Yuko mama ambaye uso wake ukijulikana atadhurika, na kwake ukungu ni pazia la heshima. Lakini nusu ya pili siikubali. Fikiri jinsi picha ya zamani sana ya mtaa wa Paris ilivyopigwa na Daguerre mwaka 1838. Mtaa ulikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa picha ilihitaji dakika kadhaa, wote waliokuwa wakienda walipotea. Anayeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Picha ile si ya uongo, na bado yamwambia mtazamaji kwamba mtaa ulikuwa mtupu.

Chukua sasa kamera hiyo hiyo uipeleke katika soko la Hagadera au Ifo, uiweke kivulini sekunde kumi na tano. Vibanda vitabaki, mabati yatabaki, mathenge itabaki, watu watapotea. Mahali pengine kosa hilo lingekuwa la ufundi tu. Mwezi Mei 2016 Serikali ya Kenya ilitangaza kuzifunga kambi za Dadaab. Mwezi Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema amri hiyo ni kinyume cha Katiba. Mwezi Machi 2021 Serikali ikadai tena mpango wa kuzifunga. Watu ambao kuwapo kwao kumebishaniwa hivyo, miaka nenda miaka rudi, hawawezi kufurahia picha nzuri ya soko lisilo na mtu, hata mpiga picha akiiita ya kishairi. Ukungu ukiwa umechaguliwa na aliyemo, ni pazia. Ukichaguliwa na mpiga picha peke yake, ni sawasawa na ndege iliyo angani, ila hii yatazama kutoka chini.

Basi sifa ya kamera ya tundu haimo katika ukungu wake. Imo katika hili: haiwezi kumpiga picha mtu asiyetaka. Ni lazima akae kimya kwa hesabu ya kumi, na hesabu hiyo lazima aikubali. Na kwa kuwa ni ya dijitali, picha huonekana papo hapo, yeye akaitazama na kuihukumu akiwa bado mbele yako. Fazal Sheikh alifika huko kwa kukaa na watu. Mwanafunzi mwenye kopo la soda hulazimishwa na chombo chake kuanza njia hiyo hiyo, atake asitake.

Picha yangu ya kwanza iliyofaa niliipiga Garissa mjini, chini ya mwarobaini, penye kina mama wauzao maziwa ya ngamia. Nilimwomba mmoja, akakubali, akakaa bila ya kutikisika nami nikahesabu mpaka kumi na mbili. Picha ilipotokea alionekana yeye, na vibuyu vyake, na benchi. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wateja wangu umewapeleka wapi?" Nilimweleza habari za nuru na tundu. Alisikiliza kwa adabu, akaniambia niifute, nikaifuta. Kisha akawageukia wanunuzi watatu waliokuwa wakipimiwa maziwa, akawaambia kwa Kisomali wasimame hapo walipo, wasiondoke mpaka mwalimu amalize kuhesabu.