Lenzi Moja ya Kazi Zote: Namna ya Kuipima Ukiwa Kasulu

Mpiga picha wa Kasulu au Kibondo hachagui kazi. Jumamosi ni harusi, Jumapili kipaimara, katikati ya wiki paspoti saizi na mahafali ya shule. Bodi aliyonayo mara nyingi ni Canon au Nikon ya kropu, yenye kihisi kidogo, na lenzi iliyokuja nayo ni 18-55. Lenzi hiyo inatukanwa kupita kiasi. Ipeleke nje, ifunge tundu hadi f/8, na mteja hataona tofauti kati yake na lenzi ya bei mara tano. Shida huanza ukivuka mlango wa kanisa.

Ukiivuta hadi 55, tundu lake kubwa kabisa linakuwa f/5.6, na hapo mwanga unaoingia ni robo ya ule wa f/2.8. Palipotosha ISO 1600 sasa unahitaji 6400. Chenga huanzia kwenye vivuli, na ndani ya kanisa lenye madirisha madogo vivuli viko kwenye nyuso za watu: chini ya macho, pembeni mwa pua, shingoni. Suti nyeusi ya bwana harusi inageuka kuwa doa moja lisilo na mikunjo. Kwa hiyo mimi hupima lenzi ya kila siku kwa tundu lake kwanza, na urefu baadaye.

Zilizojaribiwa na wengi ni Sigma 17-50 f/2.8 na Tamron 17-50 f/2.8. Zote mbili zinashika f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Kwenye Nikon, 17 inaona kama 26 ya fremu kamili, na kwenye Canon kama 27: inatosha kuukusanya ukoo mzima mbele ya nyumba bila kurudi nyuma hadi shambani. Mwisho wake, 50, unafanya kazi ya 75 au 80, urefu unaoupa uso heshima. Sigma ina kituliza mtikisiko. Tamron ilitoka kwa aina mbili, na ile isiyo na kituliza wengi huiona kali zaidi. Nami niko upande wao, maana kituliza kinatuliza mkono wako tu. Bibi harusi anayeingia akicheza hakimhusu.

Lakini angalia bodi yako. Nikon ndogo, za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi ndani. Tamron za mwanzo za Nikon nazo hazikuwekewa mota. Zikikutana, lenzi itakaa vizuri, picha zitatoka, na utafokasi kwa mkono harusi nzima.

Kuna kazi moja ambayo nawaachia haki wapenda zumu ndefu: gwaride la kufunga mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) huku Mtabila. Wengi wa mbali wanalijua jina hilo kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa mwishoni mwa 2012. Siku hizi vijana wanakwenda huko kujifunza ukakamavu, na wazazi wanataka picha ya mtoto wao akiwa kwenye mstari. Pale ni eneo la jeshi: unapiga panaporuhusiwa, unasimama ulipoelekezwa, wala husogei. 50 inaishia njiani. Jua lipo la kutosha, f/5.6 haikudhuru, na 18-135 ya Canon au 18-140 ya Nikon inakuletea sura kutoka safu ya tatu. Kama kazi zako nyingi ni za namna hii, puuza niliyosema juu. Ila 18-200 na ndugu zake sizipendekezi hata hapo. Ulaini wa picha zikivutwa hadi mwisho unaonekana hata kwenye simu.

Kosa la wenye hela ni 24-70 ya fremu kamili. Ni lenzi nzuri mno mahali pasipo pake. Kwenye kropu 24 inakuwa 36 au 38, na sebule ya kawaida ya Kibondo haikuachii nafasi ya kurudi nyuma.

Lenzi iliyotumika usiinunue kwa picha za mtandaoni. Ishike. Vua vifuniko vyote viwili, fungua tundu, pitisha tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama kwa mshazari. Punje chache za vumbi si kitu. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, na msimu wa mvua wa huku unailisha. Irudishe hata ukipunguziwa nusu. Ukungu mweupe ulioenea ni mbaya vilevile, maana kila picha inayotazama dirisha itapauka. Kisha zungusha ringi ya zumu taratibu. Ikikwaruza, mchanga umeingia: vumbi jekundu la kiangazi hufyonzwa kila lenzi inaporefuka na kufupika.

Kipimo kinachowashinda wauzaji wengi ni ukuta wa matofali. Simama sambamba nao, f/2.8, piga kwa 17 na kwa 50, kuza pembe zote nne. Pembe zote kuwa laini kiasi ni kawaida. Moja ikiwa laini kuliko wenzake ina maana kioo kimekaa upande, labda iliwahi kuanguka, na fundi wa kukirekebisha sawasawa ni adimu. Halafu laza gazeti mezani, fokasi mstari wa katikati kwa mshazari, uone kama wino mkali umeangukia mstari huo au wa jirani. Muuzaji asiyetaka ufanye hivyo amekwisha kukujibu.

Ukishanunua, filta za zamani hazitakufaa: 18-55 nyingi za Canon zinachukua 58, Sigma 77, Tamron isiyo na kituliza 67. Nunua moja safi ya kuikinga njiani ukiwa kwenye bodaboda, na uivue ukumbini, kwa sababu taa za jukwaani hujirudia ndani yake na kumwekea bwana harusi alama ya kijani kwenye paji la uso.