Kwa Madaktari wa Upasuaji wa Eldoret

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60. Leo wagonjwa huletwa humo kutoka Turkana, Busia, hata ng'ambo ya mpaka wa Uganda, na wengi safari yao huishia kwenye meza ya upasuaji.

Nawapongeza madaktari wa meza hiyo. Kuifikia ni miaka sita ya chuo, mwaka wa mafunzo kazini, kisha miaka mingine ya uzamili. Lakini kinachonigusa zaidi ni zile saa za usiku majeruhi wa bodaboda wanapofululiza: mguu umevunjika, mfupa umetokeza nje. Kidonda lazima kioshwe, nyama iliyokufa ikatwe, mfupa ufungwe vyuma, na pengine mgonjwa arudishwe thieta mara ya pili na ya tatu. Kijana akiondoka kwa miguu yake miwili, ni wachache watakaojua nani aliyeuokoa ule uliovunjika.

Na kando ya daktari huyo amesimama mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, akijifunza kushona. Kesho ndiye atakayehitajika Lodwar au Kapenguria. Wauguzi wa thieta na wataalamu wa nusukaputi, pongezi hizi ni zenu pia.