Kikombe Kimoja ni Gramu Ngapi?

Ruhembe, wilayani Kilosa, ni nchi ya miwa. Miwa ikifika kiwandani hupita kwanza kwenye mizani, na mkulima hulipwa kwa tani na kwa kiwango cha sukari kilichomo. Hakuna anayekubali mzigo wake ukadiriwe kwa macho. Lakini sukari ikishafika jikoni inapimwa kwa kikombe, na hapo hesabu ya muuza maandazi inapotea: ananunua kwa kilo, anakanda kwa vikombe, anauza kwa vipande. Asipojua kikombe chake kina gramu ngapi, hawezi kujua andazi moja limemgharimu kiasi gani.

Wengi hutafuta namba moja ya kugeuza vikombe kuwa gramu. Namba hiyo haipo. Kikombe hupima nafasi, mizani hupima uzito, na kila kitu hujaza nafasi kwa namna yake. Kikombe cha robo lita, yaani mililita 250, kikijaa maji kina gramu 250. Kikijaa mafuta ya kupikia ni gramu 230 hivi, sukari au mchele karibu 200, na chumvi laini hukaribia 300.

Msumbufu mkubwa ni unga wa ngano. Ukiutia kikombeni kwa kijiko, taratibu, kisha ukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, unapata gramu 130 hivi. Ukichota kwa kikombe chenyewe na kukigongagonga, unaweza kufika 160. Kwa maandazi ya vikombe vinne, mkono wa kwanza umetumia gramu 520, wa pili 640. Mfuko wa kilo 25 utampa wa kwanza mikando 48, na wa pili 39. Mikando tisa imeyeyuka bila mtu kuiba, na donge nalo limekuwa gumu kwa sababu maji ni yaleyale.

Kikombe kilichojazwa mlima ni kosa hilohilo. Wakala wa Vipimo hupambana na lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, kwa sababu mkulima huondokewa na mazao ambayo hakulipwa. Jikoni anayeondokewa ni mpishi mwenyewe. Fannie Farmer wa Boston alilisisitiza jambo hili katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1896: kikombe kisawazishwe, kijiko kisawazishwe. Tahadhari, kikombe cha Kimarekani kina mililita 237 hivi, kwa hiyo pishi lililoandikwa huko halilingani moja kwa moja na kikombe chako.

Kujua gramu za kikombe chako kunawezekana hata bila mizani. Kwanza, jua ujazo wa kikombe: chupa ya maji ya nusu lita ikikijaza mara mbili barabara, ni cha robo lita. Pili, nunua pakiti ya unga ya kilo moja iliyofungwa kiwandani, uipime yote kwa kikombe hicho, kila mara ukisawazisha, huku ukihesabu. Ukipata vikombe saba na nusu, gawanya 1,000 kwa 7.5: kikombe chako cha unga ni gramu 133. Fanya vivyo hivyo kwa sukari, kisha andika namba hizo na kuzibandika ukutani. Ukibadili kikombe au aina ya unga, pima upya.

Hamira na iliki ziache kwenye kijiko, kwani mizani nyingi za dukani hazipimi gramu mbili tatu kwa uhakika. Unga, sukari na mafuta ndivyo vinavyobeba gharama, basi hivyo viandikwe kwa gramu. Pishi linalotaka nusu kikombe cha sukari linatumia gramu 100 hivi. Gawanya bei ya kilo kwa kumi, umepata gharama ya sukari ya mkando mzima. Sukari ikipanda bei, muuza maandazi atajua aongeze shilingi ngapi kwa kila andazi, badala ya kupunguza ukubwa kwa kubahatisha na kupoteza wateja.