Kitufe cha RCD Kinapodanganya

Kwenye harusi ya uwanjani inayotegemea jenereta, fundi makini hufunga RCD ya miliampea 30 kabla ya soketi ya kwanza. Hubonyeza kitufe cha majaribio, swichi inaruka, naye anaridhika. Jibu hilo halithibitishi kwamba wageni wamelindwa.

RCD hulinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30 hukata. Ikifika 150, inapaswa kukata ndani ya milisekunde 40. Kazi yake ni kutafuta umeme uliotorokea njia nyingine. Lakini umeme hautoroki popote kama hauna njia ya kurudi kwenye jenereta, na jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na bodi wala na ardhi.

Kwa hiyo laivu ikigusa bodi ya spika, kimya. Wako wanaouita huo usalama, na jenereta ikilisha kifaa kimoja tu hoja yao ina uzito. Sherehe ni jambo jingine: waya mrefu, majani mabichi, viti vinaburutwa juu ya ekstensheni. Hitilafu ya kwanza hubaki imejificha. Siku nyutro nayo inapogusa mlingoti wa taa, huku waya wa athi umekatika, anayeshika spika na mlingoti kwa pamoja anapata volti 230 kifuani. RCD inamwona kama taa nyingine tu, kwa sababu umeme uliotoka kwa laivu wote umerudi kwa nyutro.

Na kitufe? Chenyewe hupitisha umeme kidogo kwenye rezista ya ndani, kutoka laivu upande mmoja wa kipimo cha RCD hadi nyutro upande wa pili, hivyo huzua tofauti bila kuhitaji athi. Ndiyo maana swichi huruka hata pale ambapo ulinzi haupo.

Dawa ni kuunganisha nyutro na bodi ya jenereta mahali pamoja tu, kabla ya RCD, kisha bodi iende kwenye nondo ya athi, na kila ekstensheni iwe ya nyaya tatu. Baadhi ya jenereta za inveta haziruhusu hivyo. Soma kitabu chake kwanza. Nondo bila RCD haitoshi: yenye omu 50 itapitisha ampea 4.6 tu, na breka ya ampea 16 haitashtuka.

Ukikodi jenereta, mtake fundi apime kwa kipima RCD, kati ya laivu na athi, kwenye soketi ya mwisho kabisa, kabla mgeni wa kwanza hajaingia.