Sifa za Spana Kongwe

Katika zana zote nilizozikusanya tangu ujana wangu, bisibisi, koleo, tupa na keekee za mkono, hapana niipendayo kama spana moja ya vinywa viwili, iliyofuliwa Uingereza, ambayo niliinunua kwa mchuuzi wa vyuma chakavu ikiwa imegubikwa na kutu hata haitambulikani ni kitu gani.

Niliilaza katika siki usiku kucha, na alfajiri kutu yote ilikuwa imelainika mithili ya tope. Nikaisugua kwa burashi ya waya, nikaisuuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, nikaikausha hima, maana chuma kitokacho katika siki huanza kushika kutu mpya ungali unakitazama, kisha nikaipaka mafuta. Hapo ndipo yalipodhihiri maandishi kandokando ya kinywa kikubwa: 1/2 W. Asiyejua, akikipima kinywa hicho na kukikuta kinakaribia inchi nzima, atadhani mhunzi alikosea. Kumbe ile nusu inchi ni unene wa bolti, wala si upana wa kichwa chake, na W ni Whitworth, yule Joseph Whitworth ambaye mwaka 1841, zama ambazo kila karakana ilichonga hesi kwa mtindo wake, aliwapendekezea mafundi wa Uingereza kipimo kimoja cha hesi, chenye pembe ya nyuzi 55, nacho ndicho kilichofuatana na mashine za Kiingereza hadi pwani yetu.

Lakini kilichonishika moyo zaidi kilikuwa mpinini: mikato mitatu midogo ya tupa, iliyopangwa sambamba, alama ya fundi nisiyemjua aliyetaka zana yake isichanganyike na za wenziwe.

Wako wenye pupa ambao huzitia zana kongwe kwenye jiwe la kusagia hata zing'ae kama vijiko vya harusi, nami naiona kazi hiyo kuwa ni dhuluma. Kutu ni halali yetu kuiondoa, ilhali mikato ile, na ulaini ule ulioachwa mpinini na viganja vya miaka mingi, ni amana ya mwenyewe. Spana yangu ni nyeusi hata leo, na nati huikamata barabara.

Nawasihi basi mpitao kwenye marundo ya vyuma sokoni: kabla chuma hakijatiwa mizanini, kipanguseni kwa kidole gumba, mkisome.